Nyongo, mawese na maumivu yanayopuuzwa

Mama yeyote wa Ujiji anayetengeneza samaki anajua kwamba kifuko cha nyongo kikipasuka, kitoweo chote huwa kichungu. Kwa sababu hiyo tumeizoea nyongo kama kitu cha kutupwa. Lakini bila uchungu huo mwilini mwetu, mawese tunayoungia maharage yasingetufaa sana.

Ini hutengeneza nyongo kati ya nusu lita na lita moja kwa siku. Chembe hai zake zina milango midogo: mmoja hutoa chumvi za nyongo, mwingine lesithini, na wa tatu kolesteroli. Kwa kuwa mafuta hayachangamani na maji, chumvi na lesithini huizingira kolesteroli ili isafiri bila kuganda. Hii ndiyo njia kuu ya mwili kuondoa kolesteroli iliyozidi.

Tulapo chakula cha mafuta, kifuko kilicho chini ya ini hujikamua. Nyongo huingia katika utumbo mwembamba na kuyagawa mafuta kuwa matone madogo yanayosagika kwa urahisi. Hata vitamini A, ambayo mwili huipata kutokana na wekundu wa mawese, huhitaji nyongo ili ifyonzwe vyema. Kisha takriban asilimia 95 ya chumvi hizo hurudi kwenye ini zitumike tena.

Mizani hii ikiharibika, kolesteroli huganda ikawa vijiwe. Wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume, hususan waliozaa mara nyingi. Vilevile wenye uzito mkubwa na wanaokonda kwa haraka mno. Wengi hawahisi lolote. Kijiwe kikiziba njia, huja maumivu makali chini ya mbavu za kulia au kwenye chembe cha moyo, mara nyingi baada ya mlo wa mafuta, nayo huweza kufika begani.

Maumivu hayo hudhaniwa kuwa vidonda vya tumbo, mgonjwa akanyweshwa miti shamba miezi kadhaa. Kipimo cha ultrasaundi huweza kuvionesha vijiwe. Ikilazimu kifuko kuondolewa, mtu huendelea kuishi, kwa kuwa ini haliachi kutengeneza nyongo.

Maumivu hayo yakiambatana na homa ya kutetemeka, macho ya manjano, mkojo mweusi au choo cheupe, msiseme ni malaria tu. Mpelekeni mgonjwa hospitali siku hiyo hiyo.