Bati Tupu Halitoshi Kibosho

Nionyeshe ramani ya gesti inayojengwa Kibosho, nami nitakwambia fedha zitaishia wapi kabla msingi haujachimbwa. Zitaishia kwenye vigae vya sakafu, kwenye madirisha ya alumini yanayoonekana kutoka barabarani, na kwenye bati la msauzi lenye rangi ya damu ya mzee. Dari itasubiri. "Fundi, hiyo tutaweka baadaye," mwenye jengo huniambia nikiwa bado juu ya kenchi. Mara nyingi hiyo baadaye haifiki. Ikifika, inakuja jipsamu nyembamba ya kuficha mbao, na juu yake hakuna kitu. Kazi yangu ni paa, na nimeifanya huku mlimani tangu ujanani. Ninachotaka kusema ni kwamba jengo la biashara lililoezekwa bati tupu upande huu wa Kilimanjaro halijakamilika, hata likiwa limeshapakwa rangi na leseni imeshabandikwa ukutani.

Watu wa Dar es Salaam hudhani tunadeka tukisema tunaumia kwa baridi. Moshi mjini haifiki mita 900 kutoka usawa wa bahari. Geti la Mweka, wanakotokea wengi wa wapandaji wanaoshuka kutoka kileleni, liko kwenye mita 1,640 hivi. Kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua nyuzi 6 kwa makadirio, kwa hiyo aliyetoka stendi ya Moshi na shati jepesi anafika Mweka nyuzi 4 au 5 zimeshapotea njiani. Masika yakiisha na kipupwe kikaingia Juni, wingu linakaa juu ya migomba kutwa, nguo hazikauki kambani, na usiku nyuzi 12 ni jambo la kawaida.

Sasa tazama kalenda ya utalii. Julai, Agosti, Septemba: hapo ndipo mlima unajaa watu, na hapo ndipo vyumba vyetu vinapopangishwa. Mgeni ameshuka kutoka mita 5,895, amelala kwenye hema usiku kadhaa, miguu inamwuma. Anacholipia kwetu ni maji ya moto na usingizi wa joto. Maji tunampa. Chumbani anakuta baridi, analala na koti lile lile alilopandia mlima. Na wapagazi waliombebea mizigo, ambao hulala kwenye vyumba vya bei ya chini vilivyo na bati tupu, wao hakuna anayewauliza walilalaje.

Joto linakotoka ni kwenye paa. Hili nalisema kwa sababu wateja wengi hukimbilia mapazia mazito na mazulia. Chukua chumba cha mita 4 kwa 3 na nusu, yaani mita 14 za mraba za paa. Ndani unataka nyuzi 20, nje ni 12. Kama juu kuna bati peke yake, kila mita ya mraba inapoteza wati 7 hivi kwa kila nyuzi moja ya tofauti, na ukizidisha unapata karibu wati 800 zinazopita juu bila kusimama. Mtu aliyelala hutoa wati 70 au 80 za joto. Hata ukilaza watu wawili, wanalipasha joto wingu. Lakini weka juu ya dari kihami joto chenye unene wa sentimita 10, kilichojaa hewa iliyotulia, na upotevu wa paa unashuka chini ya wati 70. Hapo wale wawili wanaanza kukipasha joto chumba chao kwa miili yao wenyewe. Kuta, mlango na madirisha navyo hupoteza joto, sikatai, ila nimeona majengo mengi, na sijaona pengine ambapo shilingi moja inafanya kazi kubwa kama pale juu.

Bati tupu lina ubaya wa pili. Pumzi za watu na mvuke wa bafuni hupanda, hukutana na bati la baridi, hugeuka maji. Alfajiri matone yanadondoka kitandani, mwenye jengo ananiita akisema paa linavuja, napanda naligonga msumari hadi msumari na sioni tundu. Baada ya misimu kadhaa kuvu mweusi anashika pembe za ukuta, na godoro linanuka unyevu.

Linalonisukuma kuandika, hata hivyo, si magodoro. Mama mmoja mwenye gesti aliniita nimrekebishie milango. Kila chumba nilichoingia nilikuta alama nyeusi ya mviringo sakafuni, juu ya vigae vile vizuri. "Mama, hapa mnaweka nini?" Akanijibu kwa utulivu kabisa: "Jiko, baba. Wageni wanalia baridi, nawawekea jiko la mkaa wakati wa kulala." Na kazi aliyoniitia ilikuwa kuziba mianya chini ya milango ili joto lisitoke. Nilikataa kuziba hata mlango mmoja mpaka majiko yatoke. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi, isiyo na harufu, isiyokohoza wala kuwasha macho. Inashika damu mahali pa oksijeni, na aliyelala haamki. Kila kipupwe, Kilimanjaro na kule Njombe na Makete, familia zinazikwa kwa sababu hiyo, na majirani wanasema walilala salama tu. Yule mama hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anawahurumia wageni wake, na jengo halikumwachia njia nyingine.

Njia ya umeme anaijua kila mwenye LUKU. Hita ya wati 2,000 ikiwaka mfululizo saa 8 inakula uniti 16. Kwa bei ya kawaida shilingi 1,000 hainunui hata uniti 3, kwa hiyo chumba kimoja kinameza zaidi ya shilingi 5,000 kwa usiku, na nyingi ya hizo zinapotelea kwenye bati.

Nilipokuwa mtoto bado zilikuwapo nyumba za msonge, za nyasi kuanzia kileleni hadi karibu na ardhi. Ng'ombe na mbuzi walilala upande mmoja, moto katikati, watu upande wa pili. Moshi uliumiza macho na vifua, na simshauri mtu arudi huko. Ila wajenzi wale walijua kazi: paa nene, lililojaa hewa ndogo ndogo kati ya nyasi, na joto la mifugo lililotumika mpaka asubuhi. Kahawa ndiyo iliyoleta bati. Wazee walipouza kupitia ushirika wa KNCU, ulioanzishwa 1933, fedha ya kwanza yenye uzito ilikwenda kwenye bati, na walikuwa na haki: haliozi upesi, halishiki moto, mvua ya masika haipiti. Tulichokosa kukifanya ni kurudisha unene ule kwa njia nyingine. Badala yake tumekuwa tukichoma kuni na mkaa ili kufidia. Ukanda wa msitu wa Nusu Maili ulitengwa 1941 ili vijiji vya mlimani vipate kuni na mbao; nenda kautazame leo, uone kilichobaki baada ya vizazi vya kupasha joto nyumba zisizoshika joto.

Wateja huniuliza kihami hicho kinauzwa wapi, wakitarajia nitaje kitu kinachokuja na meli. Pamba ya mawe na mabamba ya povu la plastiki yapo mijini kwa mwenye uwezo. Lakini teremka Mabogini na Chekereni, kwenye mpunga wa skimu ya Lower Moshi, utazame nyuma ya mashine za kukoboa. Kuna vilima vya pumba, vingine vinafuka moshi kwa sababu hakuna anayevitaka. Pumba za mpunga zina silika nyingi, ndiyo maana haziozi haraka na zikishika moto hufuka polepole badala ya kulipuka. Zikiwa kavu na hazikushindiliwa, zinazuia joto karibu sawa na bidhaa za dukani.

Kazi yenyewe inataka fundi makini. Sentimita 10 za pumba ni kama kilo 10 kwa kila mita ya mraba. Chumba kile cha mita 14 kinabeba kilo 140. Jipsamu iliyopigwa misumari kwa nafasi za kawaida itabonyea, kwa hiyo blandaring, zile mbao za kushikilia dari, zikaribiane, au tumia dari ya mbao. Chini ya pumba, upande wa chumbani, tandika nailoni nzito isiyo na matundu ili mvuke usipande na kuzilowesha. Pumba zikaushwe juani, zichanganywe na chokaa kidogo kuwasumbua wadudu, na ukingoni pawekwe wavu wa kuwazuia panya. Juu yake acha nafasi kati ya pumba na bati, na matundu ya hewa kwenye kofia za paa yasizibwe, maana unyevu lazima upate pa kutokea. Nyaya zote zipite ndani ya bomba, na taa za kuzama kwenye dari usiziweke kabisa, kwa sababu zinapata moto na pumba zitakuwa zimezilalia. Penye dohani ya jiko weka ukuta wa matofali kuizunguka. Mtu akikwambia atamwaga magunia tu juu ya dari na kushuka, mlipe nauli aende.

Ukifanya hivyo unapata na faida ambazo hukuziomba. Januari, jua la mchana likichoma bati, chumba kinabaki cha ubaridi. Mvua kubwa ya masika ikipiga, watu wanasikilizana. Mwalimu yeyote aliyefundisha chini ya bati tupu anajua kwamba mvua ikianza somo limekwisha. Vivyo hivyo ukumbi wa mikutano, vivyo hivyo baa. Na mfugaji wa kuku: vifaranga wa siku ya kwanza wanataka nyuzi 33 hivi. Banda la bati tupu la Umbwe au Kirima mwezi Julai linahitaji mkaa usiku kucha, na bado asubuhi unaokota waliokufa wakiwa wamerundikana.

Najua jibu nitakalopewa: sisi si Ulaya, baridi yetu ni ya miezi michache. Ni kweli. Lakini Ulaya nako hawakuanza kwa sababu ya theluji, ambayo ilikuwapo siku zote. Ujerumani Magharibi ilitoa kanuni yake ya kwanza ya kuzuia upotevu wa joto majengoni 1977, baada ya mafuta kupanda bei 1973. Kilichowaamsha ni gharama. Sisi gharama tunaijua tayari, ila tunailipa gunia moja moja la mkaa na hatuijumlishi.

Kibosho iko chini ya Halmashauri ya Wilaya ya Moshi, na anayejenga gesti, hosteli au ukumbi hupeleka michoro huko kuomba kibali. Naomba, huko na kwenye halmashauri nyingine za mlimani, michoro ya jengo lolote la biashara linalolaza watu kutoka Kibosho hadi Rombo isipite mpaka ionyeshe kilichopo kati ya bati na dari, kwa sentimita. Mkaguzi anayekuja kutazama msingi na vyoo apande ngazi atazame na pale. VETA Moshi wanaofundisha vijana useremala na uashi waingize kazi hii kwenye mafunzo, kwa sababu kijana asiyejua nailoni inakaa upande gani atamharibia mtu jengo.

Kwa upande wangu nimeacha kutoa makadirio mawili. Mteja akitaka bei ya kuezeka, namwandikia kenchi, bati, nailoni, pumba na dari kwenye karatasi moja, chini jumla moja. Wengine hunishukuru kisha wakamtafuta fundi wa bei nafuu. Wanaobaki huniuliza watoe wapi tofauti ile ya fedha, na huwa nawajibu waanze kwa kubadilisha vigae.