Neno la Mhariri: Mwalimu Kwanza, Shehena Baadaye

Kila mwisho wa mwaka, Watanzania walioko katika maabara na vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani hurudi nyumbani kula sikukuu. Wengi wana nia njema: wapite kwenye shule ya kata ya kwao, wawatie vijana moyo wa kusoma sayansi. Wakifika wanakuta shule imefungwa. Kidato cha nne walishafanya mtihani wa taifa Novemba, waliobaki wako likizo. Mkuu wa shule anaitwa kutoka nyumbani, vifaa vinakabidhiwa, picha zinapigwa, basi.

Toleo hili tumeliweka kwa ajili ya wanasayansi hao, na msimamo wetu ni mmoja: mchango wao upimwe kwa kinachoendelea darasani baada ya mgeni kuondoka.

Shule zenyewe tunazijua. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) ulioanza 2004 ulizieneza sekondari kata kwa kata. Mwaka 2016 ada ilifutwa hadi kidato cha nne, na madarasa yakafurika. Vyumba vya maabara vilijengwa kwa michango ya wananchi, ila kemikali huisha kila muhula na michango haiji kila muhula. Kwa miaka mingi watahiniwa wa shule zisizo na maabara walipewa mtihani mbadala wa vitendo, wakaeleza kwa kalamu matumizi ya bureti ambayo hawajawahi kuishika.

Shehena ya vifaa haitibu hali hiyo. Mashine ya volti 120 kutoka Marekani ikichomekwa bila transfoma kwenye soketi yetu ya volti 230, inaungua siku hiyo hiyo. Lakini mkemia aliyeko ng'ambo akishirikiana na mwalimu mmoja wa kemia, muhula hadi muhula, wanaweza kupanga majaribio kwa vitu vya sokoni. Maji ya rosela yakitiwa limau hubaki mekundu. Yakitiwa magadi hubadilika kuelekea kijani. Hapo asidi na besi zimeonekana kwa macho, na mwakani mwalimu atalirudia jaribio bila kumsubiri mtu.

Mkemia huyo ana jambo jingine ambalo mfadhili wa kigeni hana. Alimaliza darasa la saba kwa Kiswahili, akaingia kidato cha kwanza na kukuta karibu masomo yote ni kwa Kiingereza. Anajua mwanafunzi hukwama wapi, na anaweza kumkwamua kwa lugha anayoielewa.

Mfano wa kinachobaki baada ya mgeni kuondoka tunao: Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa Magamba, Lushoto, aliona mchanganyiko wa aiskrimu ulioingizwa kwenye friza ungali moto ukiganda kabla ya uliopoa. Alipouliza, alichekwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam aliyekuja kuzungumza na wanafunzi. Wenzake walimcheka tena, ila Osborne alirudi na swali lile chuoni, likapimwa, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Wanasayansi wanalibishania hadi leo. Kinachokumbukwa si hotuba ya Osborne siku ile. Swali alilolibeba limempa kijana wa Kitanzania jina katika fizikia ya dunia.

Basi ndugu zetu mlioko nje, mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini njooni wakati mwenyeji yuko darasani. Likizo ndefu ya vyuo vya huko huangukia kati ya Juni na Agosti, na shule zetu hufunguliwa Julai. Chagueni shule moja na mdumu nayo. Wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni, kwa hiyo namba mnayoihitaji ni ya mwalimu. Kabla ya kununua chochote, mpigieni, mwulizeni wiki hiyo atafundisha mada gani na amekwama wapi.