AFYA YA FAMILIA: Ganzi ya mkono usiku si uchawi



Mwezi huu tunaongea juu ya mikono. Wamama wengi huku kambini, hasa wanaoshona, wanaolima na wanaofua, wanatuambia: "Usiku naamka, vidole vimekufa ganzi, mpaka niutikise mkono." Jirani yetu mmoja alivumilia hivyo karibu miaka miwili, mpaka sufuria ya uji ikamponyoka mbele ya watoto. Watu wakasema amerogwa. Hospitali aliogopa, eti watamkata mkono.

Hapana, ndugu zetu. Kwenye kifundo cha mkono kuna njia nyembamba. Humo zinapita kano 9 za kukunja vidole pamoja na mshipa mmoja wa fahamu. Njia ikibana, kidole gumba, cha shahada na cha kati vinakufa ganzi. Kama ganzi iko kwenye kidole kidogo, mara nyingi mshipa mwingine umebanwa kwenye kiwiko. Wajawazito na wenye kisukari wanapatwa zaidi.

Jipime hivi: gusanisha migongo ya mikono, vidole vikitazama chini, kwa dakika 1. Vidole vikianza kuchomachoma, nenda zahanati.

Mwanzoni, kufunga kibao usiku kwa wiki 6 hivi, kifundo kikiwa kimenyooka, kunaweza kutosha. Wengine wanachomwa sindano ya dawa. Ikishindikana, ni upasuaji mdogo. Wanatia ganzi mkono tu, na kwa kawaida unarudi nyumbani siku hiyohiyo. Daktari anakata ule ukanda mgumu unaofunika njia, mshipa upate nafasi. Kwa kawaida anapasua kiganja sentimita 3 hivi. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 iko njia nyingine: anapitisha kamera ndogo kwenye tundu la sentimita 1 hivi. Wa kamera wanarudi kazini mapema kidogo, lakini baadaye wote wanapona sawasawa. Basi ukipewa rufaa ya upasuaji wa kawaida, usikatae kwa kungojea kamera.

Ila usichelewe. Nyama ya chini ya kidole gumba ikishakonda, nguvu zinaweza zisirudi zote. Jirani yetu alipasuliwa, sasa analala usiku kucha. Lakini kutunga uzi kwenye sindano, mpaka leo anamwita binti yake.

Wazazi, tusingoje sufuria ianguke. Hadi mwezi ujao.