Tuulize Kwanza: Habari Zinatosha?

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Methali hii tunaipenda sana katika insha, lakini tukiingia katika somo la Hisabati tunaiacha mlangoni. Maoni yangu ni kwamba maswali ya kasi, umbali na muda yanawashinda wengi si kwa sababu ni magumu, bali kwa sababu watu hukimbilia kuzidisha na kugawanya kabla ya kujiuliza kama habari walizopewa zinatosha.

Hebu tutazame mfano. Gari linaenda mjini kwa kasi ya kilomita 60 kwa saa, kisha linarudi kwa njia ile ile kwa kilomita 40 kwa saa. Kasi yake ya wastani ni ngapi? Wako watakaojibu 50 papo hapo. Wengine watanung'unika, "Mwalimu, mbona umbali haupo?" Wote wamekosa. Tuseme mjini ni kilomita 120. Kwenda ni saa 2 na kurudi ni saa 3. Gawanya kilomita 240 kwa saa 5, unapata 48. Jaribu umbali mwingine wowote, jibu ni lile lile 48, kwa maana umbali unajifuta wenyewe juu na chini. Kumbe habari zilitosha!

Sasa tugeuze upande wa pili. Kutoka Nairobi hadi Nakuru ni kama kilomita 160, na sheria yetu hairuhusu matatu kuzidi kilomita 80 kwa saa. Matatu ikifika kwa muda wa saa 1½, wastani wake ni karibu 107. Hapo hatuhitaji shahidi, lazima ilivunja sheria mahali fulani. Lakini je, ikitumia saa 2½? Wastani ni 64 tu. Abiria watamsifu dereva kwamba ni mtu wa pole pole. La hasha! Huenda alikaa sana Naivasha na Gilgil akingoja abiria, halafu akalikimbiza gari kwa 110 ili kufidia muda. Wastani ule hautoshi kumtia hatiani, wala hautoshi kumtetea. Haya si mambo ya alama tu, ndugu msomaji, ni maisha ya watu.

Katika mtihani wa GMAT, ambao vyuo vingi vya biashara vya Marekani na kwingineko huutumia kuchagua wanafunzi, kuna maswali ya aina hii. Mtahiniwa hupewa swali pamoja na taarifa mbili. Kazi yake si kutafuta jibu lenyewe. Anaulizwa kama taarifa ya kwanza pekee inatosha, au ya pili pekee, au kila moja peke yake, au mpaka ziunganishwe, au hata zikiunganishwa bado hazitoshi.

Kuna watakaonipinga wakisema kwamba mtihani wetu wa KCSE hauulizi hivyo, na kwamba wavivu watapata pa kujificha kwa kuandika "hazitoshi" kila mahali. Nami nawajibu: neno hilo lisipewe alama hata moja bila sababu. Anayesema habari hazitoshi atoe safari mbili tofauti, zote zikikubaliana na swali lakini zenye majibu tofauti, kama ile matatu ya saa 2½ iliyokwenda 64 njia nzima na ile iliyosimama kisha ikakimbia. Mvivu hawezi kazi hiyo! Na aliyezoea kupima habari hivi, swali la KCSE litamkuta ameshajua ni nini alichopewa na ni nini kinachotafutwa.

Kwa hivyo nawaomba walimu wetu wapendwa watutilie angalau swali moja la namna hii katika kila jaribio la Hisabati. Nanyi wanafunzi wenzangu, mkiona nambari mbili msizirukie kama kuku aonavyo mtama. Ulizeni kwanza, zinatosha? Hapo naweka kalamu chini.