Cheti cha Selimundu Hakina Kazi Mezani kwa Washenga

Kila Juni 19, siku ya selimundu duniani, wito huwa ule ule: vijana, pimeni kabla ya kuoana. Na wito huo sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na sharti. Hapa Kwa Mrombo, Arusha, siku hizi nasikia wazazi wakidai majibu ya maabara yaletwe pamoja na barua ya posa, na nyumba moja ya ibada, ambayo sitaitaja, imewaambia wachumba kwamba bila cheti cha selimundu ndoa yao haitatangazwa. Uamuzi huo ni mbaya. Hautaupunguza ugonjwa kwa kiasi unachodai, na utawaumiza watu ambao hawaumwi chochote.

Wanaoutetea wana machungu ya kweli. Inakadiriwa kuwa takriban watoto 11,000 huzaliwa na selimundu nchini kila mwaka, na mzazi aliyemshika mwanawe akilia kwa maumivu ya mifupa usiku kucha ana haki ya kutamani jambo hilo lisimpate mwingine. Kinga ni bora kuliko tiba, wanasema, kisha wanataja nchi za wenzetu. Oman imefanya upimaji kabla ya ndoa kuwa lazima kuanzia Januari 2026. Saudi Arabia ilianza 2004. Kule Cyprus Kanisa la Kiothodoksi limedai cheti cha talasemia, ugonjwa wa damu unaorithiwa kwa njia hiyo hiyo, tangu miaka ya 1980, na watoto wanaozaliwa nao wamekuwa wachache mno.

Ni kweli, lakini wanaotaja Cyprus husimulia nusu tu ya habari. Wachumba wa Cyprus waliokutwa na hatari ya kuzaa mtoto mgonjwa waliendelea kuoana, karibu wote. Kilichopunguza ugonjwa hasa ni kupima mimba na kuzitoa zilizoathirika. Tanzania sheria hairuhusu mimba itolewe ila kuokoa maisha ya mama, na nyumba ya ibada inayodai cheti ndiyo ingekuwa ya kwanza kupinga. Saudi Arabia nayo iliandaa maabara na kliniki za ushauri kwa kazi hiyo, na bado mwaka 2009, miaka mitano baadaye, karibu nusu ya wachumba walioambiwa kuwa wote wawili wamebeba kinasaba cha ugonjwa walifunga ndoa.

Kinachonikera zaidi ya yote ni hesabu, maana wanaoweka sharti hili hawajaifanya.

Selimundu hurithiwa pande zote mbili. Mtoto huugua akipokea kinasaba chenye kasoro kwa baba na kingine kwa mama. Akipokea kimoja tu anakuwa mbebaji: analima, anacheza mpira, anazaa, na mara nyingi anazeeka bila kujua. Tena ubebaji huo humkinga mtu na malaria kali, jambo ambalo Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alilionyesha mwaka 1954. Ndiyo sababu wabebaji ni wengi ukanda wa Ziwa na pwani, na ni haba kwenye miinuko yenye baridi kama hii yetu ya Meru. Wapo wanaosema basi ugonjwa huu ni wa wageni. Wageni gani, katika mtaa ambao nusu ya majirani wamehamia kutoka mikoa mingine na watoto wao wanasoma darasa moja na wa kwetu?

Sasa tuchukue takwimu za Muhimbili. Kati ya Januari 2015 na Novemba 2016 walipimwa watoto wachanga 3,981 jijini Dar es Salaam. Waliokuwa na selimundu ni 31. Wabebaji walikuwa 505, karibu 13 katika kila 100. Chukua wachumba jozi 100 kutoka jamii yenye kiwango hicho, waliokutana tu kama watu wanavyokutana. Jozi ambazo wote wawili ni wabebaji hazifiki mbili. Jozi ambazo mmoja ni mbebaji na mwenzake siye zinafika 22.

Hao 22 ndio ninaowaandikia. Mtoto wao hawezi kuzaliwa na selimundu, kwa kuwa upande mmoja hauna cha kumpa. Anaweza kuwa mbebaji, basi, kama mzazi wake aliyefika hapo akiwa mzima. Kwa hiyo sharti hili linazitoa jozi 22 hadharani kwa jambo lisilo na madhara kwa uzao wao, ili kuzipata mbili. Na hata kwa jozi hizo mbili, kila ujauzito una nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa, tatu za kuleta asiyeugua. Wengine wataahirisha ndoa. Wengine wataoana na kumpima kila mtoto anapozaliwa. Wengine watachukua mtoto wa kulea. Uamuzi huo ni mzito na ni wao, wakiwa wamekaa na mtu anayejua kueleza maana ya moja kati ya nne.

Mezani kwa washenga mtu huyo hayupo. Karatasi inasomwa na baba mkubwa, inapita kwa shangazi, na ikifika jikoni neno mbebaji limeshageuka kuwa "ana sikoseli". Mara nyingi ni karatasi ya upande mmoja tu, upande wa binti, kana kwamba mwanamume hana damu. Naomba yeyote kati ya wanaodai vyeti hivi anionyeshe mtoto mmoja aliyeokolewa kwa kuvunja uchumba wa mbebaji na asiye mbebaji. Hayupo. Hawezi kuwepo. Anayeweza kuonyeshwa ni binti aliyerudishiwa posa, ambaye mtaa mzima unajua kilichoandikwa kwenye karatasi yake, na ambaye atabeba sifa hiyo kila barua nyingine itakapokuja.

Haya si ya kubahatisha. Daima Bukini, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, amechapisha pamoja na wenzake kazi ambazo kamati za ndoa zingepaswa kuzisoma kabla ya kutunga masharti. Moja, ya mwaka 2020, inachunguza namna ridhaa inavyotolewa katika utafiti wa vinasaba pale ambapo watu wengi hawajui kusoma vizuri. Nyingine inafuatilia familia za watoto waliogunduliwa na selimundu tangu kuzaliwa, na kuangalia jinsi mila za mume na mke zinavyogusa huduma anayopata mtoto. Mwenye kuzisoma anaona kwamba majibu ya maabara huingia katika nyumba ambayo tayari ina mwenye sauti na asiye na sauti. Cheti cha lazima kinamwongezea nguvu yule aliyekuwa nayo.

Isitoshe, kipimo chenyewe kinaweza kudanganya. Kile cha zamani cha haraka, kinachotumika bado katika maabara nyingi ndogo, huonyesha kwamba himoglobini yenye kasoro ipo, lakini hakimtofautishi mbebaji na mgonjwa. Kwa hilo unahitaji elektroforesisi ya himoglobini au kipimo kingine cha kuthibitisha.

Kuhusu virusi vya UKIMWI (VVU), ambavyo vinaambukiza, sheria yetu ya 2008 inakataza kumlazimisha mtu kupima isipokuwa katika mazingira machache iliyoyataja, na inalinda siri ya majibu. Selimundu haiambukizi mtu yeyote. Kwa mantiki gani iwekewe ukali kuliko huo?

Bidii hii yote ingehamishiwa kwa watoto wachanga ingefika mbali. Julie Makani, aliyesoma shule ya msingi hapa Arusha kabla ya kuongoza utafiti mkubwa wa selimundu Muhimbili, pamoja na wenzake wameonyesha kwa miaka kwamba mtoto akijulikana mapema anaweza kupewa penisilini, chanjo, kinga ya malaria na baadaye haidroksiyurea. Wala hatuanzi na mikono mitupu. Katika utafiti uliochapishwa 2018, sampuli za watoto 17,200 wa kaskazini magharibi mwa nchi zilipimwa selimundu kwa kutumia matone ya damu yaliyokaushwa ambayo tayari yalikuwa yamechukuliwa kwa kipimo cha VVU. Mia mbili na kumi walikuwa na ugonjwa. Karatasi za matone hayo zinajulikana na wauguzi wa kliniki za mama na mtoto, Arusha pia. Nyumba ya ibada inayotaka kusaidia iwachangie wazazi bima na nauli ya kliniki, na iwaachie wachumba karatasi zao.