Jina la Mahali Lisigeuzwe Hati ya Mtu Mmoja

Ndugu zangu wa Haydom, Dongobesh, Basotu na Katesh, neno nililo nalo leo linahusu majina ya kwenye intaneti. Msiliache kwa kudhani ni mambo ya Dar es Salaam.

Alama ya biashara tunaifahamu. Mtu huiandikisha BRELA kwa aina ya bidhaa anayouza, na ulinzi wake unaishia Tanzania Bara, kwani Zanzibar wana msajili wao. Kwa hiyo mkamua alizeti aweza kutumia neno Hanang kwenye madumu yake, na mwenye nyumba ya wageni pale Katesh akalitumia kwenye kibao chake, wala wasigombane. Hakuna mnunuzi atakayeingia gesti akitafuta mafuta. Lakini katika intaneti neno hilo likishafuatwa na .co.tz, mwenyewe ni mmoja tu. Anayewahi ndiye anayepewa, na aliyechelewa atafute jina jingine.

Wenye alama kubwa duniani waliliona hilo mapema wakajitengenezea kinga. Tangu 1999, shirika la ICANN linalosimamia majina ya intaneti duniani, kama yale ya .com, lina utaratibu wa kumnyang'anya mtu jina kwa malalamiko ya mwenye alama. Mlalamikaji athibitishe mambo matatu: kwamba jina linafanana na alama yake, kwamba aliyelichukua hana haki nalo, na kwamba alilichukua na kulitumia kwa nia mbaya. Mlalamikiwa ana siku 20 za kujibu. Ada ya kupeleka shauri WIPO, shirika la kimataifa la haki miliki, kwa mwamuzi mmoja huanzia dola 1,500. Mkulima wa vitunguu saumu wa Bashay, anayekata mizizi kwa kisu na kujaza magunia ya lori la Arusha, atazitoa wapi? Jina la Mbulu limepata sifa sokoni kwa jasho lake, lakini hana cheti cha kuonyesha.

Na hata mwenye haki huumia. Huko Marekani, Uzi Nissan aliandikisha nissan.com mwaka 1994 kwa biashara yake ya kompyuta, na Nissan ni jina la ukoo wake. Kampuni ya magari ikamshtaki mwaka 1999. Jina lilibaki kwake, lakini baada ya miaka mingi ya mahakama na gharama. Brazili na Peru nazo zilipinga kampuni ya Amazon kumiliki kikoa cha .amazon, zikisema jina hilo ni la mto na msitu wa watu wao. Hizo ni serikali, si vijiji. Hata hivyo mwaka 2019 ICANN iliamua kuendelea na ombi la kampuni.

Sisi wa huku hatuhitaji kufundishwa na Brazili. Wabarabaig wa Basotu walichunga katika nyanda za Hanang vizazi na vizazi, kisha mashamba ya ngano ya shirika la umma la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, yakachukua malisho yao. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani wakashinda Mahakama Kuu. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo, kwa kuwa kijiji hakikuthibitisha kuwa ardhi ile ni yake. Walikuwa na makaburi ya wazee wao pale, na bado haikutosha. Majina yetu leo yako katika hali ile ile: yanatumika kila siku, na hayana karatasi.

Sisemi alama za biashara zifutwe. Tapeli akiandikisha jina linalofanana na la Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, inayotibu watu tangu 1955, akaanza kuwachangisha wafadhili wa Norwe, anyang'anywe siku hiyo hiyo. Sheria imlinde mnunuzi, mgonjwa na mtoa sadaka asidanganywe. Hiyo ndiyo kazi ya alama. Kumpa mtu neno zima, hata pale ambapo hakuna anayedanganyika, ni kuvuka mpaka, na ni dhuluma. Anayehodhi jina la wilaya bila kulitumia, akingoja aje kuliuza, naye ni mdhulumaji, hata kama alifika wa kwanza na kulipa ada.

Zanzibar, sheria yao ya mali ya viwanda ya 2008 inatambua jina la mahali bidhaa inapotoka. Na sisi Bara tuudai ulinzi wa namna hiyo kwa vitunguu saumu vya Mbulu. TCRA, wenye dhamana ya .tz, watenge majina ya wilaya, kata, milima na maziwa, wayakabidhi kwa halmashauri kwa niaba ya wananchi. Mfanyabiashara aongeze neno lake mbele au nyuma, na mwenzake afanye vivyo hivyo.

Lakini tusikae kungoja. Ada ya jina la .co.tz ni ndogo, chama cha ushirika kinaimudu. Viongozi wa AMCOS, lipelekeni jambo hili kwenye mkutano mkuu ujao, liandikwe kwenye muhtasari, na jina liandikishwe kwa chama, si kwa namba ya simu ya katibu.