Gari la Fahari Likizeeka

Juma hili nataka tuzungumze habari ya motokaa. Msiseme, "Karani ametuacha sisi wenye majembe na baiskeli, sasa asema na matajiri." La, sivyo. Ninyi ndio hasa ninaotaka kusema nanyi. Tajiri hununua gari jipya, nalo likianza kumsumbua huliuza. Gari hilo lililouzwa ndilo linalokuja kwetu.

Nanyi mwajua jinsi linavyokuja. Kijana aliyeko mjini apeleka habari nyumbani: kuna Mercedes-Benz, au BMW, au Range Rover, viti vyake ni vya ngozi, rangi yang'aa, na bei yake ni sawa na ya gari dogo la kawaida. Tukilinunua tutalikodisha kwa maarusi, na fedha zitarudi upesi. Basi baba auza ng'ombe, mama atoa akiba yake ya chama, mjomba naye aongeza. Gari lafika, watoto washangilia. Baada ya miezi mitatu gari limesimama chini ya mwembe, na kuku walala juu yake. Ukiuliza lina ugonjwa gani, wajibiwa neno moja tu: "Umeme."

Haya, na tuutazame umeme huo.

Jambo la kwanza la kufahamu ni hili: bei ya gari la fahari hushuka mwaka hata mwaka, lakini bei ya spea zake haishuki pamoja nayo. Baada ya miaka 20 gari lenyewe laweza kuuzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei yake ya kwanza, lakini kompyuta ya injini yake ingali kompyuta ya gari la thamani. Umenunua ng'ombe kwa bei ya mbuzi, lakini majani atakula ya ng'ombe.

Jambo la pili ni wingi wa vitu. Volkswagen ya zamani, ile yenye mgongo wa kobe, ilikuwa na dinamo, betri, taa, honi na vitu vingine vichache. Fundi aliweza kuufuata waya mmoja mmoja kwa kidole. Gari la fahari la siku hizi za karibu si hivyo. Viti vyasogezwa kwa umeme, vioo vyakunjwa kwa umeme, na ndani yake mna makumi ya kompyuta ndogo ndogo. Mwaka 1986 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilionyesha njia ya kuziunganisha kompyuta hizo kwa jozi moja ya waya, zipate kuongea zote humo humo. Njia hiyo huitwa CAN, na Mercedes-Benz S-Class ya mwanzo wa miaka ya 1990 ilikuwa miongoni mwa magari ya kwanza kuitumia. Ni njia nzuri, kwani imepunguza waya. Lakini ni kama baraza la kijiji: mmoja akipiga kelele, wengine hawasikilizani. Kompyuta ya mlango ikiingia maji, taa ya onyo ya kitu kingine kabisa yaweza kuwaka mbele ya dereva, naye akaanza kutafuta ugonjwa mahali pasipo ugonjwa.

Wala msidhani kwamba mafundi wetu peke yao ndio wanaoshindwa. Hata waliounda magari hayo walipata taabu nayo. Magari mengi ya Mercedes-Benz ya mwanzo na katikati ya miaka ya 1990 yalifungwa waya za injini ambazo ngozi yake haikustahimili joto. Baada ya miaka kadhaa ngozi ile hukauka, hupasuka, kisha huanguka kama maganda ya karanga. Waya zikibaki tupu hugusana, na injini huanza kutetemeka na kuzimika bila sababu ya kuonekana. Tena, mwaka 2005 kampuni hiyo iliita magari milioni 1.3 yarudishwe kukaguliwa, kwa ajili ya alteneta, betri na breki. E-Class ya mwaka 2002 ilikuwa na breki zinazotumia umeme, na mashine yake huhesabu mara ambazo breki zimekanyagwa. Hesabu ikifika kiasi kilichowekwa, taa nyekundu huwaka na mashine hutaka kubadilishwa. Mwaka 2006 waliziacha breki hizo katika E-Class. Lakini magari yaliyokwisha kuuzwa yalibaki duniani, nayo yangali yakiuzwa na kununuliwa.

Je, tuseme basi kwamba kila ugonjwa wa umeme ni wa kompyuta? Hasha. Hapo ndipo watu wengi wanapopoteza fedha. Mara nyingi shina la ugonjwa ni kitu kidogo cha bei ndogo.

Kwanza ni betri. Betri nzima ya volti 12, ikiwa imepumzika usiku kucha, huonyesha karibu volti 12.6. Injini ikiwaka, kwa kawaida mita hupanda kufika kati ya 13.8 na 14.5. Isipopanda, pengine alteneta haichaji. Kompyuta zikipata umeme mchache hulalamika zote pamoja, kama watoto wenye njaa. Dereva aona taa saba za onyo, adhani gari lina magonjwa saba, kumbe betri tu imechoka. Mita ya kupimia ni kitu rahisi kuliko kompyuta yo yote. Fundi wa umeme asiyekuwa na mita ni kama mpishi asiyeonja.

Pili ni waya wa hasi, ule unaounganisha betri na chuma cha gari na injini. Ukishika kutu au ukilegea, umeme hukosa njia ya kurudi, hutafuta njia nyingine, nawe waona vioja: wawasha taa, na vipangusa kioo vyacheza. Kukwangua kutu na kukaza nati ni kazi ya nusu saa.

Tatu ni umeme unaovuja usiku. Gari lililozimwa halizimiki kabisa; kompyuta zake huenda kulala baada ya dakika kadhaa. Zikilala vizuri, gari hutumia umeme kidogo mno, chini ya ampea 0.05. Na tufanye hesabu kama shuleni. Betri ya ampea-saa 70 ikinyonywa ampea 0.05, yaweza kukaa saa 1,400, yaani siku 58, kabla ya kwisha. Lakini kompyuta moja ikikataa kulala, ikanyonya ampea 1, nusu ya betri imekwisha kwa saa 35. Uliegesha gari Ijumaa jioni. Jumapili asubuhi bibi arusi angoja, na gari haliwaki. Ukinunua betri mpya, nayo itakufa vile vile. Lazima atafutwe mnyonyaji, kwa kupima na kuchomoa fyuzi moja moja mpaka mita ishuke.

Nne ni maji. Magari mengi ya namna hii yana dirisha juu ya paa, lenye mifereji myembamba ya kutoa maji ya mvua. Ukiliegesha chini ya mti, majani huiziba, na maji hushuka ndani mpaka chini ya zulia. Na katika magari mengi ya fahari, kompyuta na viungo vya waya vimefichwa huko huko, chini ya viti au ndani ya buti. Basi gari laharibiwa na majani ya mwembe! Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa usipozibua mfereji utanunua kompyuta.

Tano ni mifuko ya hewa. Range Rover ilianza kupewa mifuko ya hewa badala ya springi mwaka 1992, na S-Class iliyotoka mwaka 1998 ilikuwa nayo pia. Mpira ukizeeka hutoboka, gari hulala upande mmoja, na pampu ya umeme hujaza hewa bila kupumzika mpaka yaungua. Fundi wa haraka hubadili pampu, na baada ya muda mpya nayo yaungua, kwa maana tundu halikuzibwa.

Sasa nisikilizeni kwa makini katika neno hili, kwa sababu si la fedha tu, ni la roho za watu. Fyuzi imewekwa makusudi iwe dhaifu. Umeme ukizidi, fyuzi hukatika, na waya husalimika. Yuko fundi ambaye fyuzi ya ampea 10 ikikatika mara mbili, huweka ya 30, au hufunga kipande cha waya, kisha asema, "Haitakatika tena." Kweli, haitakatika. Itakayoungua ni waya yenyewe, ndani ya gari, chini ya zulia, nyuma ya viti walipokaa watoto wako. Fyuzi inayokatika inakuambia kwamba waya umegusana na chuma mahali fulani. Utafute mahali hapo. Usikubali kupanda gari ambalo fyuzi yake ni kipande cha waya, hata likiwa limepambwa maua.

Na kama mwenzangu angali anataka kununua, afanye hivi. Aende asubuhi, injini ikiwa baridi, wala asikubali kulikuta limekwisha kuwashwa. Afungue ufunguo bila kuwasha injini: taa za onyo za injini, breki na mifuko ya usalama sharti ziwake kwanza, kisha zizimike injini ikinguruma. Taa isiyowaka kabisa yawezekana imechomolewa ili kuficha ugonjwa. Abonyeze kila kitufe. Ainue zulia, aguse na kunusa kama pana unyevu. Aombe mita. Aombe pia mashine ya kusoma makosa, lakini akumbuke kwamba mashine huonyesha mahali panapolia, si kila mara penye jeraha. Mwisho, ajiulize: nikilipa bei hii, nitabakiwa na kiasi gani cha matengenezo? Kama jibu ni "sitabakiwa na kitu", gari hilo si lako, hata ulipende namna gani.

Na ambaye amekwisha kununua, asikate tamaa. Asafishe vichwa vya betri, azibue mifereji, asiruhusu injini ioshwe kwa maji ya pampu yenye nguvu, na kabla ya kuchomelea chuma cho chote aifungue betri kwanza, maana umeme wa kuchomelea huua kompyuta. Akitaka kulikodisha kwa arusi, alijaribu tangu juzi yake, si asubuhi ile ile.

Motokaa ni chombo cha kutuhudumia, si cha kutuonyesha kwa majirani. Gari dogo linalowaka kila asubuhi hupeleka mgonjwa hospitali na mahindi sokoni. Gari la fahari lililokufa umeme halipeleki kitu mahali po pote. Baba mwenye nyumba, kabla hujamfungua ng'ombe kamba umpeleke mnadani, kaa na mama watoto, mfanye hesabu hii pamoja. Ng'ombe akisha kuuzwa harudi zizini.

Mpaka juma lijalo, kwa herini.